Usimwahidi Mtu Mwisho Usioujua



Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mjuzi wa yaliyopita na yajayo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, Ramadhani iliyopita nilikuwa nyumbani, Juba. Vijana wa msikiti wetu tulichanga sukari, unga na sabuni, tukavipeleka Mangateen. Kwa wasiopajua, Mangateen ni makazi ya wakimbizi wa ndani, humo humo jijini Juba. Wengi wao walihamia hapo mwaka 2018, wakitoka katika kambi iliyokuwa chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, walikokimbilia tangu vita vilipolipuka Desemba 2013. Wanaishi katika vibanda vya miti na maturubai. Wengi wao si Waislamu, nasi hatukumuuliza mtu dini yake kabla ya kumpa unga.

Nikakutana na mama mmoja mtu mzima. Mwanawe wa kwanza alitoka nyumbani Julai 2016, siku zile risasi zilipoanza tena mjini, akaenda kutafuta chakula. Hakurudi. Mwili haukuonekana, habari haikuletwa. Mimi, kwa haraka ya ujana na kwa kutaka kumfariji, nikamwambia, "Mama, usijali, atarudi. Mwisho utakuwa mwema."

Akanitazama, akaniuliza, "Mwanangu, wewe umeuona huo mwisho? Kila anayekuja hapa ananipa mwisho wake, halafu anapanda gari anaondoka. Kaa kwanza nikueleze kijana wangu alikuwa mtu wa namna gani."

Nikakaa. Akanisimulia mpaka jua likakaribia kuzama. Kisa chake hakikuwa na mwisho, na mimi sikutaka kuondoka.

Tangu siku hiyo najiuliza: kwa nini kisa kisicho na mwisho wa uhakika kinamshika mtu hivyo? Na sisi tunaosoma Qur'ani, tunafundishwa nini juu ya visa vya namna hiyo?

Ndugu zangu, sote tumelelewa kwa hadithi zinazoanza na paukwa, pakawa, na kuishia kwa raha mustarehe. Si vibaya. Mtoto anahitaji kulala akiwa na amani. Lakini mtu mzima akishajua kwamba shujaa lazima atashinda, moyo wake unalegea. Shahrazad wa Alfu Lela Ulela aliokoa shingo yake kwa kujua jambo hili hili: kila usiku alikatisha kisa kabla ya mwisho, na mfalme akashindwa kumuua kwa sababu alitaka kusikia kilichofuata.

Tazameni mpira wa kikapu. Tarehe 20 Julai 2024, timu yetu ya Sudan Kusini ilicheza na Marekani mjini London mchezo wa kujipima kabla ya Olimpiki. Nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, ambayo wakati huo haikuwa na ukumbi wa ndani wa kuchezea kikapu, ikakutana na magwiji wa dunia. Vijana wakaongoza mpaka mapumziko. Zikiwa zimebaki sekunde 8 hivi, LeBron James akafunga, mchezo ukaisha 101 kwa 100. Tulishindwa. Baadaye Paris tukaifunga Puerto Rico 90 kwa 79, kisha tukafungwa na Marekani na Serbia, tukatolewa. Lakini mwulize kijana wa Juba ni mchezo gani anaokumbuka zaidi. Wengi watakutajia ule wa London tulioshindwa kwa pointi moja, kwa sababu kwa muda ule hakuna aliyejua utaishaje, na kila mmoja wetu alikuwa ndani yake.

Sasa tuingie katika Kitabu cha Mola wetu. Wako watu wanaodhani visa vya Qur'ani vyote vinaishia kwa mja mwema kuokolewa hapa hapa duniani. Someni vizuri. Nabii Nuhu (A.S.) aliokoka na safina yake, lakini mwanawe alizama. Baba alimlilia Mola wake kwa ajili ya mtoto, naye ni Mtume, na bado hakupewa alichoomba. Katika Surat Yasin yuko mtu aliyekuja mbio kutoka pembe ya mji kuwanusuru Mitume. Hakusifiwa na watu wake. Alikufa mikononi mwao, na hata alipoingia Peponi alitamani watu wake wangejua. Katika Surat al-Buruj wako waumini waliotiwa katika mahandaki ya moto. Hakushuka malaika kuuzima moto ule. Ulimalizika nao. Na baada ya kisa hicho ndipo Mwenyezi Mungu anapotaja kufuzu kukubwa, kufuzu kwa Pepo. Yaani kisa ambacho jicho la dunia linaona kimeishia majivuni, Yeye anakihesabu ushindi.

Na Nabii Musa (A.S.) na yule mja mwema katika Surat al-Kahf? Jahazi linatobolewa, kijana anauawa, ukuta unajengwa bila ujira, na Musa haelewi hata moja mpaka wanapoachana. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alitamani lau Musa angesubiri zaidi, ili tusimuliwe zaidi habari zao. Subhanallah! Mtume wetu mwenyewe alitamani kisa kile kiendelee.

Huenda mwenzangu ukasema, "Lakini Surat Yusuf inaitwa kisa kizuri kuliko vyote, nacho kina mwisho mwema." Kweli kabisa. Lakini fikiri ni nani aliyeujua mwisho huo. Wewe msomaji unaujua kwa kuwa umefika aya za mwisho. Nabii Yakubu (A.S.) hakuwa na msahafu mkononi. Aliletewa kanzu yenye damu ya uongo. Miaka ikapita. Akalia mpaka macho yakaingia weupe. Hakusema, "Najua atarudi kesho." Alisema atasubiri subira njema, akamshtakia Mwenyezi Mungu huzuni yake, na akawaagiza wanawe waende wakatafute wala wasikate tamaa na rehema ya Mola wao. Hiyo ndiyo imani: kulia na kutafuta kwa pamoja, bila kujua.

Na ahadi kwamba pamoja na uzito upo wepesi? Ni haki, haina shaka. Lakini Mwenyezi Mungu hakutuambia wepesi huo utakuja saa ngapi, kwa mlango gani, wala kwa sura tuliyoichagua sisi. Mwingine wepesi wake ni mtoto kurudi. Mwingine ni moyo kutulia. Mwingine atauona kaburini na Siku ya Kiyama. Mwisho ambao mja mwema ameahidiwa bila shaka yoyote ni ule wa Akhera. Hapa duniani ameahidiwa mtihani, na Surat al-Ankabut inaanza kwa kutuonya kwamba hatutaachwa kusema tumeamini bila kujaribiwa.

Nasema haya kwa sababu ninaona msiba hapa hapa chuoni. Mwenzetu anaambiwa, "Swali tahajudi siku arobaini, utafaulu." Anaswali, anafeli, anaacha swala. Dada anaambiwa, "Omba tu, mama yako atapona." Mama anafariki, na binti anadhani ama dua yake ilikuwa mbovu au Mola wake hakumsikia. Nani aliyevunja ahadi? Mwenyezi Mungu hakuivunja ahadi yoyote. Ni sisi tulioandika ahadi kwa kalamu yetu, tukatia saini jina Lake. Huo si ufariji, ndugu zangu. Huko ni kumsemea Mwenyezi Mungu bila elimu.

Basi tufanye nini? Nitataja matatu.

La kwanza, ukimtembelea mwenye msiba, punguza utabiri, zidisha kukaa. Msikilize. Sema inshaallah ukiwa unamaanisha maana yake: akipenda Yeye. Muombee, kisha umsaidie kwa kilicho mkononi mwako.

La pili, omba kwa yakini, lakini usimpangie Mola wako jibu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba dua ya Muislamu isiyo na dhambi wala kukata udugu haipotei: hujibiwa hapa, au huwekwa akiba ya Akhera, au huondolewa kwayo shari mfano wake. Binti yule aliyefiwa na mama yake hakuomba bure.

La tatu, na ndilo zito, kumbuka kwamba kisa chako wewe pia hakijafika mwisho. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) tunafundishwa kwamba mtu anaweza kutenda ya watu wa Peponi mpaka ibaki dhiraa moja tu, kisha akamalizia kwa ya watu wa Motoni, na mwingine kinyume chake. Kwa hiyo anayeswali leo asijivune, na aliyeacha swala tusimfungie kitabu chake. Bado kurasa zipo. Na Mtume (S.A.W.) amemuagiza yule ambaye Kiyama kimemkuta na mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande. Hatauona ukizaa. Aupande tu.

Siku ile Mangateen, adhana ilipokaribia, yule mama aliona midomo yangu imekauka. Akaniuliza kama nimefunga, nikamwambia ndiyo. Akaingia kibandani, akaniletea maji katika kikombe cha bati, akakishika mwenyewe mpaka saa ya kufuturu ilipofika. Sikumwambia tena kwamba mwanawe atarudi. Nilimuuliza jina lake, na tangu siku hiyo nalitaja jina hilo katika sijda zangu. Hajui mama yule, wala mimi sijui dua hiyo inaishia wapi. Anayejua ni Mmoja.

Ewe Mola wetu, warejeshe waliopotea kwa watu wao, na ambao hukukadiria warejee, wape jamaa zao subira njema. Teremsha amani Sudan Kusini, Sudan, Kongo na kila penye machozi. Utusamehe kwa kila mwisho tulioahidi kwa jina Lako bila elimu, na utujaalie sisi sote mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.