Mgongo wa punda nao una haki yake

 

Ndugu zangu Waislamu, katika Suratun-Nahl, aya ya 7, Mola wetu anatukumbusha kwamba wanyama hutubebea mizigo yetu hadi miji ambayo tusingeifikia ila kwa mashaka makubwa, kisha anaimaliza aya kwa kujitaja kuwa ni Mpole, Mwenye kurehemu. Aya ya 8 inawataja farasi, nyumbu na punda kuwa wameumbwa ili tuwapande na wawe pambo. Basi kumpanda punda ni halali, hapo hapana ubishi. Lakini baada ya halali linabaki swali ambalo wengi hatuliulizi: nani ampande punda yupi?

Nilikuwa Lamu siku za Maulidi, mji ambao punda ndiye gari lake. Humo vichochoroni nilimuona mtu wa makamo, mwenye mwili wake, amekaa juu ya punda mchanga, nyuma yake kapakia kijana, na gunia la unga limelazwa mbele. Punda mgongo umebonyea na miguu ya nyuma inatetemeka. Nilipouliza, akanijibu yule kijana, tena kwa bashasha: "Maalim, mbona Mtume alipanda punda mmoja na Muadh?"

Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Muadh bin Jabal (r.a.) alikuwa amepakiwa nyuma ya Mtume (s.a.w.) juu ya punda aliyeitwa Ufayr. Ila kijana wetu kaichukua nusu. Imamu Nawawi, aliyeisherehesha Sahihi Muslim, anasema kupakizana kunajuzu pale mnyama anapokuwa anaweza. Hilo ndilo sharti, na sharti likikosekana ruhusa nayo huondoka. Sisi tunajua kuwa Ufayr aliweza kwa sababu tunamjua aliyempanda. Ni yeye aliyeingia katika shamba la Ansari mmoja, ngamia alipomuona akalia machozi, naye akampangusa hadi akatulia. Kisha akamuita mwenyewe akamwambia kuwa mnyama huyu amemshitakia kwamba anashindishwa njaa na kuchoshwa. Kaipokea Abu Daud. Je, punda wa pale kichochoroni angepata wa kumshitakia, angesema nini?

Sasa huo uwezo unajulikana vipi? Kosa letu ni kuwa tunamuuliza mwenye punda, naye ndiye anayelipwa. Akiulizwa kama punda wake anaweza, lini atasema hawezi? Shahidi mwenye maslahi hatumkubali kwa kadhi, basi kwa nini tumkubali hapa?

Umar bin Abdulaziz (r.a.) hakumuuliza mwenye ngamia. Alipopata habari kuwa Misri ngamia hubebeshwa ratili 1,000, aliandika amri kwamba wasizidishiwe ratili 600. Angalieni, khalifa hakutosheka na kuhimiza huruma, alitaja kiasi kinachopimika kwa mizani. Na Imamu Mawardi, alipoeleza kazi za muhtasibu wa soko, alitia humo kuwazuia wenye wanyama wasiwabebeshe kupita uwezo. Izzuddin bin Abdissalam naye akalihesabu jambo hilo katika haki za mnyama juu ya mwanadamu. Haki, ndugu zangu, si hisani.

Leo vipimo vipo. Mwaka 2008 watafiti wa Ohio, Marekani, waliwapima farasi 8 wakiwa wamebeba asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao wenyewe. Kwa 25 na 30 mioyo ilikwenda mbio zaidi na misuli ikauma zaidi baadaye. Ndiyo maana wengi hushika moja ya tano kuwa kikomo cha farasi, mpandaji pamoja na matandiko yake. Ugiriki mwaka 2018 ilitoa kanuni kwa punda wanaopandwa na watalii: wasibebe zaidi ya kilo 100 au moja ya tano ya uzito wao. Kwa kazi ya punda wapo wanaofika hadi moja ya tatu, kwa mnyama mzima aliyeshiba na mwendo mfupi.

Chukua huo mkubwa zaidi, moja ya tatu. Punda wetu ni wadogo, tuseme huyu ana kilo 140. Theluthi yake haifiki kilo 47. Mtu wa kilo 75 peke yake, bila kijana wala unga, amepita nusu ya uzito wa punda huyo. Sisemi haya kumcheka mwenye mwili, mwili ni neema. Ila mizani haina adabu ya kuona haya.

Wala kilo si mwisho wa habari. Punda asiyetimia miaka minne mifupa yake haijakomaa, hata akionekana mkubwa. Anayekaa nyuma kabisa, juu ya kiuno, anakalia mahali pasipo na mbavu za kusaidia. Nywele nyeupe zilizoota pale linapokaa soji ni alama ya kidonda cha zamani. Na kuna wale vijana wanaopiga soga ufukoni saa nzima wakiwa juu ya punda aliyesimama. Mtume (s.a.w.) alikataza kuifanya migongo ya wanyama kuwa mimbari. Kushuka kunawagharimu nini?

Lamu kuna zahanati ya punda tangu 1987, inatibu bila malipo, na madaktari wake wanaweza kukadiria uzito wa punda kwa utepe tu unaozungushwa kifuani. Basi wazee wa mitaa na kamati za misikiti wanaweza kuwaomba wawapimie punda wa kukodi, kila mmoja akaandikiwa kikomo chake, na pale wanapokodishwa ikawekwa mizani ya dukani. Atakayezidi atembee, mzigo wake ubebwe na punda. Mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea atafutiwe punda mkubwa na mtu wa kumuongoza pole pole. Na mtu mzima mwenye afya anayekwenda Shela, mashua zipo, na kwa miguu haifiki saa moja.