Nani Ananunua?

Baada ya bonasi ya chai, ndugu mmoja aliniuliza, "Pasta, si ulisomea biashara? Hisa zitaanguka lini, niuze mapema?"

Sijui. Mwaka wa 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa shilingi 5, na wengi walikopa wazinunue. Kufikia 2009 zilikuwa chini ya shilingi 3. Waliouza kwa hofu waliziona baadaye zikipita 40.

Lakini tuseme ningejua. Ukiuza, kuna mtu ananunua. Kukisia si dhambi, hata yeye anakisia. Ila ng'ombe ukijua ni mgonjwa, hapa Bomet utamwambia mnunuzi. Huyu wa hisa humwoni uso. Basi si jirani? Hapo ndipo nimekwama, maana hata mimi ninazo.