Usia na Nyayo

Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi wana wa mwambao wa Tanga tumelisikia neno hili tangu utotoni, na tumewarithisha watoto wetu kama tulivyorithishwa. Hata hivyo, yatupasa kuuliza swali ambalo methali haikulijibu: je, mtoto hufunzwa na yale ambayo mzazi huyasema, au na yale ambayo huyatenda?

Hapana shaka kuwa usia una heshima kubwa katika utamaduni wetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, katika upande wa Lamu, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Katika karne iliyofuata Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga, naye aliwatungia watoto wake tenzi mbili, Hati na Adili. Wazazi hawa walijua kuwa uhai una mwisho, wakataka sauti zao ziendelee kuwaongoza watoto nyuma yao. Si kila mzazi ni mtunzi, lakini kila mzazi ana usia wake, ambao huutoa barazani, shambani au chomboni.

Tuutazame usia wa mvuvi. Mzee wa Kigombe au wa Moa humfunza kijana wake kuyajua maji ya bamvua na maji mafu, kutega dema lenye matundu ambayo samaki mchanga aweza kuyapenya, na kuridhika na riziki ya siku. Ndani ya kazi hiyo mna mafunzo ya subira, ya kiasi, na ya kuwakumbuka wajao.

Lakini tangu miaka ya 1960 baadhi ya wavuvi wa mwambao huu walishika baruti. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 iliikataza, nayo ikaendelea kulia kwa miongo mingi. Mlio mmoja uliua samaki wakubwa kwa wachanga, ukavunja matumbawe yaliyo makazi yao, na pengine ukamkata mkono mvuvi mwenyewe.

Atasema mtu kuwa njaa haina subira. Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Hata hivyo, mtoto aliyelishwa kwa baruti ndiye yule yule aliyeachiwa bahari iliyopungua samaki. Wala lawama si ya mvuvi peke yake. Sisi tuliobaki nchi kavu, walimu na makarani na wenye maduka, tulimnunua samaki yule. Aliyempasua alimjua kwa nyama yake iliyolegea na mifupa yake iliyovunjika. Akampika, akampakulia mtoto, kisha akamwusia juu ya uaminifu. Mtoto aliusikia usia kwa masikio yake, na mfano akauona sahanini.

Mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, na katika miaka ya karibuni milio ya baruti imepungua sana. Twashukuru. Lakini askari wa doria hulinda bahari tu. Kumlea mtoto ni kazi iliyobaki mikononi mwetu.

Basi jibu letu ni hili: mtoto hufuata nyayo kabla ya kufuata maneno, na mzazi anayetoa usia hujifunga kwa usia huo yeye mwenyewe kwanza. Nanyi vijana, mkiona kuwa maneno ya wazazi wenu na matendo yao hayakupatana, msiyatupe maneno kwa sababu ya udhaifu wa wasemaji. Subira ni njema hata ikisifiwa na mtu aliyeshindwa kusubiri. Yachukueni maneno, mtimize yale ambayo sisi hatukuyatimiza, ili watoto wenu wakitazama nyayo zenu wasihitaji kuuliza swali tuliloliuliza hapa.