Mimi Nilikuona

"Samahani mama, sikukuona."

Maneno hayo yalinitoka Jumamosi moja, saa saba mchana, pale Msowero, wilayani Kilosa. Mguu mmoja ulikuwa chini, pikipiki imeegemea paja langu, injini imezima, na mbele ya tairi kiroba cha unga kilikuwa kimepasuka juu ya lami. Mwenye unga alikuwa hatua moja tu kutoka hapo. Sikumgusa. Alijifunga khanga yake vizuri, akanitazama, akasema bila kupaza sauti: "Mimi nilikuona, mwanangu. Tangu kule kwenye mwembe nilikuona. Na wewe ulinitazama."

Angenitukana ningelala vizuri zaidi usiku ule. Matusi ya barabarani yana dawa yake: unayajibu au unayameza, yanaisha. Yeye alieleza tu kilichotokea. Tulitazamana. Yeye akaona mtu anakuja. Mimi sikuona mtu.

Niseme kwanza mimi ni nani barabarani. Ni mwandishi wa habari, nimevuka thelathini, na Jumatatu mpaka Ijumaa naishi mbele ya kompyuta mjini Morogoro. Jumamosi natoka na marafiki watatu au wanne. Hatubebi abiria wala mzigo; tunaendesha kwa raha tu, jambo ambalo mama yangu mzazi hajawahi kulielewa. Mzunguko tunaoupenda unaanza na barabara ya Dodoma hadi Dumila, hapo unakata kushoto, unapita Msowero na Rudewa mpaka Kilosa. Ukishakunywa chai unaingia njia ya Ulaya (ndiyo, huku kwetu kuna Ulaya, na haihitaji viza), unatokea Mikumi, halafu unarudi nyumbani kwa kukatisha hifadhi. Ni siku nzima. Mgongo unauma, vumbi linaingia mpaka kwenye soksi, na Jumapili unajisikia mtu mpya.

Kanuni ya kwanza niliyofundishwa na wakubwa wa kundi letu ni hii: jihesabu kuwa huonekani. Lori lililosimama pembeni litaingia barabarani kana kwamba haupo. Noah iliyo mbele yako itasimama ghafla kwa sababu abiria amepunga mkono. Gari la IT, lile linalotoka bandarini Dar kwenda Zambia au Kongo, litaovateki kwenye kona huku dereva anaongea na simu. Kwa hiyo taa yako iwake hata mchana. Usikae ubavuni mwa basi mahali ambapo kioo cha dereva hakifiki. Kwenye makutano usiyaamini macho ya dereva hata akikutazama usoni; tazama tairi lake la mbele, kwa sababu tairi likianza kuzunguka ndiyo nia yake halisi. Na ukifika nyumbani kabla ya giza umeokoa nusu ya maisha yako.

Kanuni hiyo ina ushahidi. Mwaka 1981 Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki ambazo yeye na wenzake walizichunguza kwa kina katika eneo la Los Angeles. Pale pikipiki ilipogongana na gari, kwa takribani theluthi mbili ya ajali dereva wa gari ndiye aliyemnyima mwenzake haki ya kupita. Na sababu iliyorudiwarudiwa na madereva hao ni ileile niliyompa mama wa Msowero: sikuiona, au nimeiona nimeshachelewa. Wengi hawakuwa wakisema uongo. Jicho lilielekea pikipiki ilipo, lakini akili ilikuwa inatafuta gari.

Kuna kitu kwenye kanuni hiyo kilichokuwa kinaniudhi tangu mwanzo. Kwa nini niwe mimi? Mwenye tani thelathini anachezea simu, halafu mwenye kilo mia na hamsini ndiye anayeambiwa awe makini kwa niaba ya wote wawili. Mtu akikukanyaga kwenye foleni, hatuiti semina ya kuwafundisha watu kuficha vidole. Wazee wa kundi wanacheka nikianza hotuba hiyo. Mmoja wao, fundi mstaafu, aliwahi kunijibu kwamba haki ya njia haina breki. Alikuwa sahihi, na bado sikuwa nimekosea, kwa sababu hapo kuna maswali mawili na sisi tunayachanganya kila siku. Swali la nani achukue tahadhari linajibiwa na fizikia: ni yule atakayeumia. La nani alaumiwe ni jambo jingine, na halijibiwi kwa kupima nani kavunjika mguu.

Kwenye chumba cha habari tunayachanganya maswali haya kwa mkono wetu wenyewe. Nimeandika habari za ajali kwa miaka kadhaa, zina mtindo wake. "Chanzo cha ajali kinadaiwa kuwa ni uzembe wa mwendesha pikipiki." Sentensi hiyo nimeiandika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwenye gari yuko kituoni anatoa maelezo. Mwenye pikipiki yuko mochwari, hana wa kumsemea. Sisemi bodaboda ni malaika. Kuna vijana wanabeba mishikaki, abiria wawili na mtoto katikati, helmeti imetundikwa kwenye usukani kama pambo. (Wao wenyewe wanaiita elementi.) Lakini sheria yetu ya usalama barabarani ya 1973 inamtambua pia dereva anayeendesha bila uangalifu, awe na magurudumu mawili au kumi na nane, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilimuuliza afande kama yule wa kumi na nane alikuwa anaangalia mbele.

Tukimaliza kuandika, tunafunga kwa msemo: ajali haina kinga. Nimeusikia misibani, nimeusikia kwa viongozi. Unafariji, sikatai. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu ya wanaokufa hivyo ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kama ajali kweli haina kinga, mbona inachagua hivyo?

Wapenzi wa vitabu watamkumbuka T. E. Lawrence, aliyeandika Seven Pillars of Wisdom. Mei 1935, karibu na nyumbani kwake Dorset, Uingereza, alikuwa akiendesha pikipiki yake ya Brough Superior. Barabara ilikuwa na bonde dogo, akachelewa kuwaona vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akakwepa, akaanguka. Alifariki siku sita baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuridhika kusema kwamba imepangwa. Alianza kuchunguza majeraha ya vichwa ya waendesha pikipiki, akachapisha utafiti wake mwaka 1941, na jeshi la Uingereza likawalazimisha wanajeshi wake wa pikipiki kuvaa helmeti. Habari hiyo huwa inasimuliwa kwa ajili ya helmeti. Siku hizi mimi nawafikiria zaidi wale vijana wawili. Lawrence aliwaona mwishoni kabisa, muda uliobaki ukatosha kuwakwepa tu, akautumia wote kwa ajili yao.

Sasa nirudi Msowero.

Asubuhi ile, kabla hatujafika Dumila, basi lilitoka nyuma ya lori na kuja upande wetu. Halikusita. Dereva aliwasha taa mara mbili, maana yake tokeni, tukatoka. Nilishuka kwenye lami, nikapita juu ya changarawe, nikarudi nikiwa natetemeka. Ninachokumbuka ni kiganja chake, alikiinua kidogo juu ya usukani, sijui alikuwa anaomba msamaha au anasalimia. Tulisimama Dumila, tukanunua maji, tukamlaani kwa zamu. Halafu tukakata kushoto. Wenzangu walitangulia.

Kutoka hapo mpaka Msowero mimi nilikuwa naandika. Kichwani, namaanisha. Nilikuwa natunga kipande kikali kuhusu madereva wanaotuona sisi kama nzi. Nilikuwa nimepata hata sentensi ya kwanza, na ilikuwa nzuri. Barabara ni laini, pembeni kuna majaruba ya mpunga, baiskeli zimebeba mkaa, ng'ombe wanavuka na wachungaji wao wamejifunga lubega. Yote hayo nilikuwa nayatazama, na yalikuwa yananipendeza. Robert Pirsig, katika kile kitabu chake maarufu cha pikipiki cha mwaka 1974 (ambacho mimi binafsi nilikiona kirefu), analalamika kwamba ndani ya gari kila unachokiona dirishani kinakuwa kama televisheni. Anaamini pikipiki inaivunja fremu hiyo. Basi mimi niliibeba fremu yangu mpaka juu ya pikipiki. Kwangu Msowero ilikuwa mandhari ya Jumamosi. Yule mama alikuwa sehemu ya mandhari, ametoka mashineni kusaga, kiroba kichwani, anasubiri avuke. Nilimtazama kama unavyoutazama mwembe.

Yeye naye alifanya kosa moja: alimwamini aliyemtazama. Uso wa helmeti ulimgeukia, akadhani ameshaonekana, akavuka. Wazee wa kundi wangemwambia atazame tairi. Lakini fikiria unaishi hapo, barabara imepita kati ya nyumba yako na mashine ya kusaga, na kila siku ya Mungu unatakiwa ujihesabu kuwa huonekani ukiwa kijijini kwako mwenyewe. Mimi mzigo huo nauvua jioni pamoja na koti. Kijana wa Boxer pale kijiweni anaubeba siku sita au saba kwa wiki, na mama huyu anaubeba kwa miguu.

Kule Mikumi, mahali barabara kuu ya Zambia inapokatisha hifadhi, kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, na kuna bango linaloonyesha faini ya kila mnyama utakayemgonga. Twiga ana bei yake, swala ana bei yake. Sina ugomvi na twiga. Nasema tu kwamba pale sote tunaendesha macho yakiwa kazini, mimi na dereva wa IT na dereva wa basi, maana tumeshaambiwa kabla kuna nani. Kwa hiyo tunajua kuona. Si kwamba macho yetu ni mabovu.

Hapo ndipo "sikukuona" inapoanza kunishinda. Nilikuwa naitumia kama utetezi: sikuwa na nia mbaya, sikujua, utanilaumu vipi kwa nisichokijua? Aristotle alishalijibu hilo katika kitabu cha tatu cha Maadili yake kwa Nikomako. Mlevi anaadhibiwa hata kama hakujua alichofanya, kwa sababu kulewa kulikuwa mikononi mwake. Na vivyo hivyo asiyejua kwa uzembe, kwa kuwa kujali kulikuwa mikononi mwake. Mimi kosa langu sikulifanya pale kwenye kiroba. Nililifanya kilometa kadhaa nyuma, nilipoamua kwamba hasira yangu ni ya maana kuliko barabara.

Na lugha yetu inalijua jambo hili kuliko mimi. Tunamwambia mtoto "angalia!" na tuna maana mbili kwa mpigo: tazama, na jihadhari. Kutoka kwenye kuangalia tunapata uangalifu, tunapata uangalizi, tunapata mwangalizi wa mgonjwa au wa watoto. Kumwangalia mtu ni kumtunza. Yule mama alisema "ulinitazama". Hakusema niliangalia.

Sijui kama yule dereva wa basi naye alikuwa anatunga kitu kichwani. Inawezekana alikuwa amechelewa, tajiri anampigia simu, konda anapiga kelele. Simsamehei, angetuua. Lakini ile sentensi yangu ya kwanza, ile nzuri, imenishinda kuiandika, kwa sababu kila nikiianza namsikia mama akisema na yeye aliniona.

Vijana wa kijiweni walikuja, wawili wakaniinulia pikipiki, mmoja akaanza kuzoa unga uliobaki safi kwenye kiroba. Nilimpa mama noti ya elfu kumi. Akauliza bei ya unga kwa mwenye duka la jirani, akapiga hesabu, akanirudishia chenji yangu. Nilisisitiza abaki nayo. Alikataa, alisema mimi nilimwaga unga, na unga una bei.

Nimeshapita tena Msowero mara mbili. Kwenye mwembe nashusha gia mpaka ya pili, na wenzangu nyuma wanapiga honi kwa kuchoka. Mara ya mwisho vijana wa kijiweni walinitambua, wakaanza kuita "Mzee wa Unga! Mzee wa Unga!", jina ambalo mjini lingenipeleka polisi. Nikainua mkono. Mama sikumwona, ingawa safari hii niliangalia.