Kukubali kwa Kulazimika

Huko Marekani wako watungaji wa michezo ya mezani ambao vitabu vya sheria zake huvipiga chapa kimoja kimoja, mteja aagizapo. Mwaka 2008 Amazon, duka kubwa la intaneti, liliwaambia watoa vitabu wa namna hiyo ya kwamba likiviuza lenyewe, sharti vipigwe chapa kwake, katika BookSurge. BookLocker, kampuni ndogo, ilishitaki. Shauri likaisha kwa mapatano mwaka 2010.

Wengine husema: si walikuwa huru kukataa? Twauliza, huru namna gani, ikiwa wanunuzi karibu wote wapita mlango ule ule? Kunyamaza kwa mwenye shida hatukuiti kupatana. Na mnunuzi je, apendaye bei rahisi? Si mwizi. Lakini asiseme hayamhusu: fedha yake ndiyo impayo mwenye mlango nguvu ya kuamuru.