Ardhi Moja, Sheria Mbili

Masomo: Hesabu 15:15–16, Mwanzo 23, Amosi 9:7



Israeli walikuwa bado jangwani, hawajamiliki hata shamba moja, Mungu alipowawekea sharti la namna ya kuishi katika nchi aliyowaahidi: mgeni na mzalia watakuwa chini ya sheria moja. Sharti hilo limo katika Hesabu 15. Limo pia katika Kutoka 12, na tena katika Walawi 24. Neno linalorudiwa hivyo katika Torati si la kupitia haraka. Mungu alijua kwamba mtu aliyekuwa mtumwa Misri, siku akipata jeshi, ardhi na mahakama, atashawishika kujiandikia sheria yake na kumwandikia jirani yake sheria nyingine.

Leo nawahubiria habari ya sheria hizo mbili. Najua wapo kati yenu ambao wangependa ninyamaze. Bendera ya Israeli imepeperushwa madhabahuni katika mikesha yetu, na wapo watumishi wanaofundisha kwamba kuuliza swali lolote juu ya taifa lile ni kujitafutia laana. Ndiyo maana nasema.

Tangu Juni 1967 jeshi la Israeli linaukalia Ukingo wa Magharibi wa mto Yordani. Wanaishi humo Wapalestina wapatao milioni 3. Katikati yao yamejengwa makazi ya walowezi wa Kiisraeli, takriban nusu milioni, mbali na wengine zaidi ya 200,000 walioko Yerusalemu ya Mashariki. Ibara ya 49 ya Mkataba wa Nne wa Geneva, wa mwaka 1949, inaikataza dola inayokalia ardhi ya wengine kuhamishia raia wake humo. Mkataba huo uliandikwa muda mfupi baada ya vita ambayo ndani yake Wayahudi milioni 6 waliangamizwa. Uliandikwa ili mnyonge aliye mikononi mwa jeshi la kigeni asiachwe bila mtetezi. Mpalestina naye ni mnyonge huyo.

Wachukueni vijana wawili wa kilima kimoja, kila mmoja ameshutumiwa kurusha jiwe. Kijana wa mlowezi atakwenda mbele ya hakimu wa kiraia, kwa sheria iliyotungwa na bunge ambalo wazazi wake wanalipigia kura. Kijana wa Kipalestina atakamatwa na askari na kufikishwa katika mahakama ya kijeshi, ambako mwendesha mashtaka na hakimu ni maofisa wa jeshi lile lile, kwa amri za kamanda ambaye hakuna mtu kijijini aliyemchagua. Ndugu yake anaweza kuwekwa kizuizini bila mashtaka kwa miezi sita, ikaongezwa sita mingine, na mingine tena, kwa ushahidi ambao yeye na wakili wake hawaonyeshwi. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa kizuizini ni nini. Mwingereza aliwatia humo wazee wetu Kenya, na kanuni za dharura alizozitunga Palestina mwaka 1945 ni sehemu ya urithi huo huo.

Wala msidhani mgawanyiko huu ulijitokeza tu, kama jambo lililosahauliwa na wakubwa. Umetungwa na unatunzwa. Zipo kanuni za dharura ambazo bunge la Israeli, Knesset, limekuwa likiziongezea muda tangu 1967, kwa kawaida kila baada ya miaka 5, ili sheria ya Israeli imfuate mlowezi hadi ndani ya ardhi inayokaliwa. Juni 2022 kura ya kuziongezea muda ilishindwa. Kiwewe kikaingia. Baada ya majuma machache serikali ya waziri mkuu Naftali Bennett ikalivunja bunge, na kule kuvunjwa kwa bunge kukaziongezea kanuni zile uhai kisheria, mpaka zilipopitishwa upya Januari 2023. Serikali ile ilikuwa na udhaifu mwingine mwingi, lakini hilo ndilo lililokuwa mezani siku zile. Litafakarini, ndugu zangu. Walipendelea kwenda kwenye uchaguzi kuliko mlowezi kuamka asubuhi moja akahukumiwa kwa sheria ile ile anayohukumiwa Mpalestina wa ng'ambo ya bonde!

Na Mpalestina si mgeni pale. Babu yake alizikwa pale, na mizeituni ile ilipandwa na mikono ya wazee wake. Kama Torati inamlinda hata mgeni, itamwachaje mzalia?

Twendeni Hebroni. Sara amekufa, na Ibrahimu, mgeni kati ya Wahiti, anatafuta mahali pa kumzika. Wanamwambia achague kaburi lolote. Efroni anataka kumpa shamba na pango bure. Baba yetu wa imani anainama mbele ya watu wa nchi ile, anakataa zawadi, anapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi langoni pa mji. Huyu alikuwa na ahadi ya Mungu mwenyewe juu ya nchi nzima! Hakuitoa ile ahadi kama hati ya kumwondoa Efroni shambani. Alilipa, tena bila kuomba punguzo. Anayenyakua shamba la jirani kwa jina la Ibrahimu ajibu kwanza kwa Ibrahimu.

Pango lile lipo mpaka leo, Wayahudi wakisali upande mmoja na Waislamu upande mwingine. Tarehe 25 Februari 1994, katika sala ya alfajiri ya Ramadhani, mlowezi aitwaye Baruch Goldstein aliingia na bunduki akawaua Waislamu 29. Serikali ya Israeli ililaani kitendo kile. Lakini angalieni nani alilipa gharama. Mtaa wa Shuhada, uliokuwa soko la mji, ulianza kufungwa kwa Wapalestina, na kadiri miaka ilivyopita sehemu yake kubwa ikawa marufuku kwao. Milango ya maduka imechomelewa. Zipo nyumba ambazo wenyewe hawawezi kutoka kwa mlango wa mbele, kwa sababu mbele ya mlango ni barabara ya walowezi. Waliopigwa risasi wakisali ndio waliofungiwa mtaa.

Makanisa yetu sasa hupeleka mahujaji Nchi Takatifu kila mwaka. Ni jambo jema. Basi linapanda Bethlehemu, linapita penye ukuta wa zege wenye kimo cha mita 8, watu wanapiga picha mahali pa hori, jioni wanarudi Yerusalemu kwa pasipoti zao. Je, mnajua kwamba Mkristo aliyebatizwa Bethlehemu, ambaye ukoo wake haujawahi kuwa na imani nyingine kwa karne nyingi, huhitaji kibali cha jeshi ili akasali katika Kanisa la Kaburi Takatifu, kilomita kama 10 tu kutoka kwake? Mhujaji wa Machame anapita. Mwana wa mji wa Daudi anasubiri kibali, na akinyimwa anaisherehekea Pasaka upande wa pili wa ukuta. Wala si kusali tu kunakohitaji kibali. Zaidi ya nusu ya Ukingo wa Magharibi, asilimia 60 hivi, iliyobaki chini ya mamlaka ya Israeli, inaitwa Eneo C tangu makubaliano ya Israeli na Wapalestina ya 1995. Humo Mpalestina hupewa kibali cha kujenga kwa nadra mno, na akijenga bila kibali, tingatinga huja. Makubaliano yale yalikuwa ya mpito, ya miaka 5.

Sasa wanauliza: hili liitwe apartheid? B'Tselem, shirika la Waisraeli wenyewe, lilisema ndiyo, Januari 2021. Human Rights Watch wakafuata Aprili mwaka huo, na Amnesty International Februari 2022. Serikali ya Israeli inalikataa jina hilo kwa uchungu, na Marekani pia. Wanasema: Waarabu walio raia wa Israeli, karibu mtu mmoja kati ya watano, wanapiga kura, wanaketi Knesset, na wamefika hadi Mahakama ya Juu. Ni kweli, na atakayeficha ukweli huo hajatetea haki ya mtu yeyote. Chini ya makaburu Mwafrika hakuwa na kura ya kuunda serikali ya Pretoria. Lakini mamilioni ya Ukingo wa Magharibi hawana kura katika serikali inayotawala barabara zao, maji yao na mipaka yao. Mlowezi wa jirani anayo. Tena Mkataba wa Roma, ule wa mahakama ya kimataifa ya jinai, unapoeleza kosa hilo, hauulizi kama wahusika ni Weusi na Wazungu wa Johannesburg. Unauliza kama kuna mfumo wa kitaasisi wa kundi moja kulikandamiza na kulitawala jingine, kwa nia ya kuudumisha mfumo huo.

Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoa maoni yake. Kwa kura 11 dhidi ya 4 ilisema kuendelea kwa Israeli kuwapo katika ardhi ile ni kinyume cha sheria. Ikasema pia kwamba Ibara ya 3 ya mkataba wa kupinga ubaguzi wa rangi, ile inayokataza utengano na apartheid, imevunjwa, bila kufafanua ni kwa lipi kati ya hayo mawili. Majaji wenyewe walitofautiana: Dire Tladi wa Afrika Kusini aliandika kwamba ni apartheid, Georg Nolte wa Ujerumani hakuridhika kwamba imethibitishwa. Dada yetu Julia Sebutinde wa Uganda aliyapinga maoni hayo, akiona kwamba picha iliyowekwa mbele ya Mahakama ilikuwa ya upande mmoja. Someni hoja zake kwa heshima. Nami sikubaliani naye.

Nikiisoma ile fasili ya Mkataba wa Roma, kisha nikiutazama Mtaa wa Shuhada, sioni jina jingine. Lakini wewe usiyelikubali jina, hujaachiliwa. Hesabu 15 haikuulizi mfumo unaitwaje. Inakuuliza kama sheria ni moja. Si moja! Hata wakili hodari wa Israeli hawezi kusema ni moja.

Mtaniambia: na usalama? Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas waliua watu wapatao 1,200 na kuwateka 251. Ulikuwa unyama, na hakuna ukaliaji wa mabavu unaoutakasa. Waliokufa ni pamoja na vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Mama zao bado wanalia. Ninapoililia Gaza, ambako makumi ya maelfu wameuawa tangu siku ile, siwaachi vijana wale nje ya machozi yangu. Na anayewachukia Wayahudi kwa kuwa ni Wayahudi amemchukia Bwana wetu, na mama yake, na mitume wote. Israeli ina haki ya kulinda watu wake. Lakini ukuta wa usalama hujengwa mpakani kwako. Sehemu kubwa mno ya njia ya ukuta huu, asilimia 85 hivi, iko ndani ya ardhi ya Wapalestina, na Mahakama ile ile ilisema mwaka 2004 kwamba hiyo ni haramu.

Wengine mtaniletea Mwanzo 12:3, ahadi ya baraka kwa wambarikio Ibrahimu. Someni mpaka mwisho wa aya: baraka ile ni kwa jamaa zote za dunia. Kisha msomeni Amosi, mchungaji wa Tekoa, kijiji cha kusini mwa Bethlehemu. Mungu anawauliza Israeli kama kwake wao si sawa na Wakushi, na anasema ni yeye pia aliyewapandisha Wafilisti kutoka Kaftori. Wakushi ni sisi Waafrika! Mungu anayetulinganisha nao hawezi kutumiwa kumkanyaga mwingine. Makanisa ya makaburu nayo yalikuwa na aya zao. Waliihubiri apartheid kwa Biblia iliyofunguliwa, na waumini wakasema amina.

Kumbukeni Juni 1977. Walutheri wa dunia walikutana Dar es Salaam, wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza. Walikiri kwamba kwa kawaida Wakristo wanaweza kutofautiana katika siasa. Kisha wakatamka kwamba apartheid imepita mpaka huo, kwamba kuikataa ni suala la imani yenyewe. Miaka 7 baadaye, Budapest, wakasimamisha uanachama wa makanisa mawili ya Wazungu wa kusini mwa Afrika. Tamko lile lilitoka katika ardhi yetu, wakati kambi za wapigania uhuru zilikuwa Morogoro. Desemba 2009 Wakristo wa Palestina waliandika wito wao, Kairos Palestina, kwa kufuata njia ya ndugu wa Afrika Kusini walioandika Kairos yao mwaka 1985. Wametuandikia sisi. Wanangoja jibu.

Maaskofu wetu, lijibuni, kwa sauti ile ya 1977. Wachungaji, ishusheni bendera ile madhabahuni, na msiweke nyingine mahali pake. Wanakwaya, wanafunzi wa Biblia, akina mama wa vikundi vya maombi: waombeeni Wayahudi na Wapalestina kwa pumzi moja, na waandikieni wabunge wenu mkiuliza nchi yetu inapiga kura gani Umoja wa Mataifa, na kwa nini. Nanyi mnaojiandaa kwa hija, mwambieni kiongozi wa msafara atenge Jumapili moja muabudu na Wakristo wa Bethlehemu, mle nao, muwasikilize. Akisema ratiba haina nafasi, mwambieni aitafute.