Kabla Hujaongeza Sauti



Tafakari ya leo inatoka gereji. Kazi yangu ni kufunga redio na spika za magari, na karibu kila wiki napokea mtu mwenye ombi lile lile: "Fundi, redio iliyokuja na gari haisikiki vizuri. Niongezee sauti." Wengi nikiwasikilizia gari lao nakuta sauti ipo ya kutosha, tena inatikisa vioo. Kinachokosekana ni usafi. Maneno hayasikiki.

Nimegundua kwamba hata katika sala zetu tunaomba kama wateja hawa. "Mungu, sema kwa nguvu. Nipe ishara. Mbona uko kimya?" Chukua Biblia yako, usome kwanza 1 Wafalme 19:9-13, halafu Marko 7:31-37. Kisha turudi gereji pamoja.

Alishuka mpaka tunaposikia

Tuanze na gari linaloshuka bandarini kutoka Japani. Mwenye gari anawasha redio, anatafuta Radio Maria, anatafuta kituo anachokipenda, hapati kitu. Anasema redio ni mbovu. Redio ni nzima kabisa! Redio nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani hushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na vituo vyetu vingi vinarusha juu ya hapo, mpaka 108. Kituo kinarusha na antena inapokea, ila redio imezoea masafa ya kwao.

Tunachofanya ni kufunga kifaa kidogo kwenye waya wa antena, mafundi tunakiita ekspanda. Kazi yake ni kushusha masafa. Ukifunga ile inayoshusha megahezi 16, kituo cha 100 utakikuta kwenye 84. Kituo hakijahama wala hakijapungua kitu. Kimeletwa tu mahali ambapo redio ile inaweza kukisikia.

Sikia rafiki, mimi kila nikifunga kile kifaa namkumbuka Yohana 1:14. Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu. Mfano huu hautoshi hata kidogo kueleza fumbo kubwa namna ile, najua. Lakini unatusaidia kuona kwamba Mungu hakutungoja tupande mpaka alipo. Alishuka, akaongea kwa mdomo wa mtu, kwa lugha ya watu wa Nazareti, akatumia mifano ya wavu, chachu na mbegu. Kwa hiyo tusianze kwa kusema Mungu hasemi. Alishasema, na anasema. Tukague upande wetu.

Kuongeza sauti siyo kusafisha

Redio nyingi zinazokuja na gari zimeandikwa "50W x 4". Vijana wanaipenda hiyo namba. Ukweli ni kwamba nguvu ambayo redio kama hiyo inaweza kuitoa mfululizo ni kama wati 15 hadi 20 tu kwa kila spika. Ukizungusha kitufe mpaka mwisho, redio inadaiwa nguvu isiyokuwa nayo, na mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa. Hapo ndipo unasikia ule mkwaruzo. Ukiendelea hivyo, twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, huungua.

Eliya alikuwa amechoka, anawindwa na Yezebeli, amejificha pangoni Horebu. Pale ulipita upepo wa kupasua miamba, likaja tetemeko, ukaja moto. Maandiko yanatuambia Bwana hakuwemo katika hayo. Baadaye ukaja mnong'ono mtulivu, na hapo Eliya akajifunika uso kwa vazi lake, akatoka kusimama mlangoni mwa pango.

Nasema hili kwa upendo, maana naona vijana wengi tunavyozunguka. Ijumaa mkesha huku, Jumapili kwa nabii kule, katikati ya wiki maji ya upako. Tunatafuta mahali ambapo Mungu anapaza sauti zaidi. Mkesha ni mzuri, mimi mwenyewe naupenda. Lakini mtu akitoka kwenye spika kubwa za mkesha akiwa hawezi kukaa dakika tano kimya mbele ya Ekaristi Takatifu, bado hajapata anachokitafuta.

Ziba mlango kwanza

Mteja akiwa na hela kidogo, huwa namshauri aanze na kitu kisichoonekana: mlango. Mlango wa gari ni bati jembamba lenye matundu. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ile sauti ya nyuma ikipenya kwenye matundu na kukutana na ya mbele, besi zinauana. Bati nalo linatetemeka, linaongeza kelele yake. Tunafungua mlango, tunabandika karatasi nzito za mpira zenye alumini juu, tunaziba matundu. Tukimaliza, spika zile zile za zamani zinasikika kama mpya. Kubadilisha spika za mbele kunafuata, halafu ampu. Sabufa iwe ya mwisho.

Ona sasa alivyofanya Bwana Yesu na yule kiziwi katika Marko 7. Kabla ya kugusa masikio yake, alimtoa katika mkutano, akamchukua kando. Alimfungia mlango kwanza! Kisha akatia vidole masikioni mwake na kusema "Efatha", yaani funguka. Masikio yakafunguka, na ulimi ukalegea. Ibada ya Ubatizo inayo alama hii hii, padre anapogusa masikio na mdomo wa mbatizwa. Huenda nawe uliguswa hivyo ukiwa mtoto mchanga.

Matundu ya mlango wako unayajua mwenyewe. Simu inayoshikwa kabla ya ishara ya msalaba. Magrupu yasiyoisha. Spika za masikioni kuanzia unapopanda daladala mpaka unaposhuka. Siyo dhambi zote hizo. Ila zinatetemeka, na sauti tulivu haiwezi kushindana nazo.

Besi na konsonanti

Tamka maneno haya matatu: kaka, paka, taka. Kinachoyatofautisha ni konsonanti ya mwanzo tu. Irabu ndizo zenye nguvu na uzito, lakini konsonanti ndizo zinabeba maana, na sehemu kubwa ya sauti zake nyepesi iko juu, kuanzia kama hezi 2,000 na kuendelea. Mtu akijaza besi, zile nzito zinazifunika nyepesi. Gari linadunda, abiria wanacheza, hakuna anayejua kimesemwa nini.

Hisia zetu ni kama besi. Mungu ameziumba na ni nzuri, muziki bila besi umepooza. Lakini hasira, mapenzi mapya, au hofu ya kubaki bila ajira vikipanda sana, hatusikii tena maneno madogo yanayobeba maana: "ngoja", "samehe", "rudisha", "usimdanganye". Mtakatifu Ignasi wa Loyola alijifunza hili akiwa kitandani baada ya kujeruhiwa Pamplona mwaka 1521. Aliona kwamba ndoto za sifa za dunia zilimfurahisha kwa muda kisha zikamwacha mkavu, na fikra za kumtumikia Mungu zilimwachia amani iliyodumu. Hakuzizima hisia zake. Alishusha besi kidogo ili asikie.

Waya wa ethi

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Kijana mmoja alileta gari lake lina mlio mwembamba kwenye spika. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Alishanunua ampu ya bei kubwa, mlio ukabaki.

"Fundi, tuweke kubwa zaidi?"

"Subiri kwanza, mdogo wangu."

Tukaendelea kuongea huku nafungua viti. Akaniambia anasali miezi sita sasa, anataka Mungu amwonyeshe kama amuoe binti aliye naye. Kila novena ameimaliza. Kimya. Katikati ya maongezi akagusia, kama kitu kidogo tu, kwamba yeye na kaka yake hawaongei mwaka wa pili, kisa kiwanja cha marehemu baba yao.

Waya wa ethi wa ile ampu ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Kwa macho umekaza vizuri, lakini haugusi chuma. Nikachukua msasa nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikakaza bolti. Nikamwambia awashe, akanyage mafuta. Mlio hakuna. Nikamwambia: "Ampu yako haikuwa na tatizo. Mambo ya kaka yako nayo yaangalie. Kasome Matayo 5:23-24." Pale Bwana anasema tuiache sadaka mbele ya altare, tukapatane kwanza na ndugu yetu. Hakunijibu. Alilipa akaondoka, na sijui iliishaje.

Neno la Kilatini la unyenyekevu, humilitas, lina mzizi mmoja na humus, yaani udongo. Mnyenyekevu ni mtu aliyegusa ardhi. Wengi wetu tumefungwa juu ya rangi: kwaya tumo, VIWAWA tumo, picha za kanisani zipo, ila chini kuna kitu hatujataka kiguswe. Kitubio ni ule msasa. Unakwangua, unauma kidogo, na mpaka chuma kionekane mlio hautaondoka. Kuongeza novena juu ya kinyongo ni kuongeza ampu juu ya ethi mbovu.

Na nikuonye jambo moja. Ukishafunga spika safi, kitu cha kwanza kitakachokushtua ni ubovu wa nyimbo zako. Ile uliyoishusha kwa ubora hafifu, zamani uliipenda, sasa utasikia kila kasoro. Ndivyo ilivyo kwa moyo pia. Ukianza kusali kwa utulivu utaona dhambi zako nyingi kuliko mwanzo. Usikate tamaa ukadhani umeharibika. Masikio ndiyo yamefunguka.

Mtakatifu Benedikto aliianza Kanuni yake kwa neno "sikiliza", akawaalika wamonaki watege sikio la moyo. Mwaka 2022 hayati Baba Mtakatifu Fransisko alilitumia wazo hilo hilo katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano Ulimwenguni. Sikio la moyo linahitaji fundi, na fundi wake ni Roho Mtakatifu.

Zoezi la wiki

1. Dakika kumi kila asubuhi kabla ya kushika simu. Soma Injili ya siku, kisha nyamaza.
2. Safari moja kwa siku bila muziki, kwenye gari au daladala.
3. Jiulize: nimefunga wapi juu ya rangi? Taja jina la mtu huyo mbele ya Mungu. Jumamosi nenda kitubio, halafu mpigie simu.

Tusali

Bwana Yesu, ulimtoa kiziwi katika kelele za umati ukamgusa. Nitoe nami kando. Ziba matundu yangu, tuliza yanayonidunda moyoni, kwangua rangi niliyojipaka mpaka niguse ardhi. Sikuombi useme kwa nguvu zaidi. Naomba nikusikie, na nikishakusikia, nitii. Mama Maria, uliyelisikia Neno na kulipokea, utuombee. Amina.